Kihisi cha Uwanja wa Kanisa

Siku hizi vihisi vya mtetemo hukaguliwa kutoka mjini, na hakuna afisa anayechafua goti. Sisi wa zamani tulipiga magoti. Kila kihisi tulichokizika kwenye miteremko ya mlima wetu wa moto tulikilinganisha kwanza na kile cha zamani tulichokiamini, viwili hivyo vikiwa bega kwa bega juu ya jiwe moja. Chombo kisichopimwa ni shahidi asiyekula kiapo.

Mwaka ninaoukumbuka, katika mkesha wa sikukuu ya San Pedro, Mtakatifu Petro wetu, kihisi cha uwanja wa kanisa kilionyesha mtetemo maradufu ya vingine vyote. Mkuu wa tarafa alitaka neno langu kabla ya adhuhuri: kijiji kihamishwe, au kibaki? Ikiwa mlima ulikuwa ukiamka, kuchelewa kungeua watu. Ikiwa chombo kilikosea, tungewafukuza watu kwenye sikukuu yao bure, na siku ya hatari ya kweli wasingetusikiliza.

Kiongozi wa wachezaji ngoma wa sikukuu alikuwa Taita Amable Farinango (taita kwetu ni baba), mzee wa magoti mabovu, aliyekuwa acheze mara ya mwisho kabla ya kumkabidhi mpwa wake barakoa. Binti yake, Rosaura, alikuwa fundi wangu.

"Baba kaivaa barakoa tangu alfajiri," aliniambia tukiwa njiani. "Kumwambia ahame ni kazi yako, mhandisi. Mimi bado nataka kula kwake."

Tulikifukua kihisi, tukakiweka kando ya kile cha zamani juu ya sakafu ya mawe ya kanisa. Rosaura akaigonga sakafu kwa nyundo ya mpira. Mistari miwili ikapanda na kushuka pamoja. Kihisi kilikuwa kinasema kweli.

"Basi ni mlima," alisema, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Bado. Tumemhoji shahidi, hatujahoji mahali aliposimama."

Tukakishusha kile cha zamani katika shimo lilelile. Nacho kikaonyesha maradufu. Tulipokisogeza hatua chache, kikatulia. Kosa lilikuwa la shimo.

Rosaura akachimba. Chini kidogo sepetu ikagonga kitu kilicholia kitupu: chungu kikubwa cha udongo, kizima, kimefunikwa vizuri, kinanuka chicha, pombe yetu ya mahindi.

"Baba!"

Taita Amable akaja akichechemea, barakoa yake ya nyuso mbili kaipandisha kwenye paji.

"Mnanitolea macho ya nini? Mmezika mgeni ardhini bila kumpa mlima, mwenye nyumba, hata tone. Shule mnayo, adabu hamna. Mlipokwenda kula, nikakizika hiki chini yake, nikawafunikia aibu."

"Ulikijaza?" nikamwuliza.

"Mpaka mdomoni! Kama kimekauka, basi mwenye nyumba kanywa yote. Mwataka ushahidi gani tena?"

Uwanja mzima ukacheka. Chungu kilipokuwa kimejaa hakikutusumbua. Kilipokauka, uwazi wake ulikuza kila mtikisiko. Mapadri walionilea walinifundisha kuyakemea matambiko kama hayo ya mzee, na kemeo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza, nikampigia simu mkuu wa tarafa.

"Kijiji kibaki," nikasema.

Tulikizika kihisi upya kwenye ardhi ngumu. Chungu Taita alikijaza tena, nami nikamwonyesha mahali pa kukizika: kule ng'ambo ya uwanja. Tangu hapo, kila tulipoweka kihisi kipya, nilimwita mzee kwanza, akazika chungu chake mbali, ndipo nikaruhusu jembe.

Kesho yake nilibaki kituoni, nikitazama kalamu ya mtambo wa mitetemo ikichora vishindo vya ngoma vilivyotufikia kutoka uwanjani. Miguu yote ilishuka pamoja, isipokuwa mmoja, uliochelewa kidogo kila mara, kwa sababu ya goti la mzee. Siku hizi hucheza mpwa wake, tena vizuri. Lakini hachelewi.