Kiwiko cha Mkunga

Ofisini walimwita Bi Kadi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika kadi. Kila kadi ilibeba hadithi ya mtumiaji, sentensi moja tu: nani anataka nini, na kwa sababu gani. Mafundi wa programu walizichukua moja moja na kuzijenga. Kwa ajili ya mfumo mpya wa wodi ya wazazi alikuwa ameandika kadi sitini na mbili, akazipanga ukutani zikapangika. Wodini kwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Siku ya kuzionyesha, mkunga mkuu alifungua mlango na upepo ukaingia naye. Kufumba na kufumbua, kadi zote zilikuwa sakafuni.

"Mama yangu! Mpangilio wangu!" Bi Kadi akapiga magoti.

Mkunga naye akapiga magoti, akaokota moja na kuisoma kwa sauti: "'Kama mkunga, nataka kuchagua rangi ya skrini, ili nifurahie kazi.' Nani kasema haya?"

"Wewe... yaani, mkunga."

"Mimi? Lini? Mwanangu, mimi hufurahi mtoto akilia."

Fundi mmoja alipaliwa na chai kwa kicheko. Mkunga aliitupa kadi nyuma ya bega, akaokota nyingine, nayo akaitupa. Ya tano ilimfanya ashike kiuno.

"'Nataka kusimamia wodi nzima.' Lo! Hawa ni mapacha wanne. Wazaliwe mmoja mmoja!"

Bi Kadi akachukua kalamu, huku machozi ya kucheka yakimtoka, akaigawa: vitanda vilivyo wazi, zamu, dawa, kumwita daktari.

"Huyo daktari nitamwitaje?"

"Unabonyeza hapa kwa kidole."

"Vidole vyangu vyote kumi viko kazini, tena ndani ya glavu. Nibonyeze kwa pua?"

Basi ofisi nzima ikaanza kujaribu: pua, kidevu, hata goti la meneja. Kiwiko kikashinda. Bi Kadi akaandika kadi mpya, na chini yake sharti la kuikubali: mkunga abonyeze kwa kiwiko mara kumi, daktari aitike mara kumi.

Wiki mbili baadaye skrini ilifungwa kwenye ukuta wa wodi, Bi Kadi na mafundi wakaja kushuhudia. Mkunga akabonyeza. Daktari akaja mbio, kijiko mkononi.

"Nani? Yuko wapi?"

"Hakuna. Rudi ukale."

Akabonyeza tena. Mara ya nne daktari alikuja akihema. Mara ya saba alivuta kiti, akaketi mlangoni, na kila kengele ikilia anainua kijiko juu. Walipofika kumi, wodi nzima ilikuwa hoi kwa kicheko.

"Jamani!" mama wa kitanda cha tatu akapiga kelele, naye akicheka na kuugulia kwa pamoja. "Mimi mtoto wangu anakuja!"

Mkunga alikuwa ameshamfikia. Mikono yote miwili ikamshika mama, kiwiko kikagonga skrini mara ya kumi na moja, na daktari akaruka kutoka kitini.

Bi Kadi na mafundi wakatolewa nje. Walisimama koridoni wakishikana mikono kama ndugu wa mzazi. Kisha kilio chembamba kikapenya mlangoni.

"Wa kike!" mkunga akatoa kichwa. "Kilo tatu na nusu!"

Bi Kadi akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.