Mkono wa Doluka

Hema lilikuwa limejaa pale kwa Hasifa, mtaani Nateete, na wanawake walikuwa wameshavua viatu. Aliyekosekana ni mpigaji. Halimah, dada mkubwa wa Hasifa, ndiye fundi wa doluka, ngoma ambayo harusi ya Wanubi bila yake ni mkutano tu. Naye alikuwa amejifungia chumbani, simu mapajani.

Mwaka jana alimaliza matibabu ya saratani ya titi. Nywele zilirudi, hamu ya kula ikarudi, lakini hofu haikwenda popote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wiki hii kwapa la kulia, upande ule ule wa ugonjwa, lilianza kuuma, naye akajua: imerudi. Daktari Okidi alimpima, akamuuliza kama mkono huo umefanya kazi nzito.

"Hapana, daktari. Mimi napumzika tu."

Majibu yangekuja leo kwa simu. Leo, siku ya Shakirah, binti wa Hasifa, kuolewa!

"Dada," Hasifa aliita mlangoni, "wewe nakuja kupiga, ama mimi naambia watu warudi kwao?"

"Nangoja simu."

"Simu inaweza ngoja. Bibi harusi hawezi toka bila ngoma!"

Huyu mdogo wake na mdomo wake! Halimah alicheka bila kutaka, akampa simu, akatoka. Kama imerudi, basi imkute ngomani.

Akapiga. Vigelegele vikapaa. Akapiga tena, na kwapa likamchoma. Kila mkono uliposhuka, maumivu yale yale, pale pale! Wiki nzima alikuwa akiwafundisha wasichana wa mtaa mapigo haya, baada ya kukaa muda mrefu bila kugusa ngoma. Lakini nani huita doluka kazi? Tumaini lilimjia, ila hakuthubutu kuliamini.

Simu ikalia. Hasifa aliipokea, kidole kwenye sikio la pili.

"Ndiyo, ni mimi Halimah!" alidanganya bila haya.

Halimah alizidisha mapigo. Aliogopa kuacha kupiga asije akasikia.

Hasifa akamrukia shingoni.

"Iko safi, dada! Safi kabisa! Ni misuli tu! Daktari nauliza tena, huu mkono nafanya kazi gani?"

"Mwambie hakuna kazi," Halimah alisema, machozi yakimtiririka. "Ni harusi tu."

Akaunyanyua mkono, akaushusha kwa nguvu zote. Ukauma. Akaangua kicheko, na Shakirah akatoka.