Chatu Juu ya Ziwa

Kiwanda cha chapa kilipouzwa kwa mwekezaji, Bernadeta alirudi kwake Nyakato na sindano yake ya kushonea vitabu, na hasira tele. Wenzake walilia. Yeye alisema liwalo na liwe, nitatengeneza kitabu changu mwenyewe.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha nyimbo za baba yake. Mzee Maige wa Kisesa alikuwa mcheza nyoka, yule wa kujizungushia chatu shingoni mpaka watu wanakimbia na watoto mgongoni. Sasa miguu ilikuwa imegoma, na nyimbo zile hakuna mwingine aliyezijua. Bernadeta aliziandika zote kwa mkono, akazishona, akapika gundi ya unga wa muhogo. Mzee aliomba kitu kimoja tu: "Nje nichoree chatu wangu. Nataka nizikwe nacho mkononi."

Ombi dogo hilo, jamani! Lakini Dorotea, mwenye duka la vinyago mjini, akamwambia, "Shoga, mtalii gani atanunua nyoka? Chora ziwa, weka na mitumbwi. Hicho kikipendeza, utanitengenezea vingine."

Tena tuseme ukweli, Bernadeta nyoka yule alimwonea haya tangu mafundisho ya komunyo, wenzake walipomwita mtoto wa chatu. Basi akachukua rangi zake za maji, akachora ziwa. Lilipendeza, tena sana.

"Shikamoo, baba. Kitabu chako hiki."

"Marahaba." Mzee alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena. "Cha nani?"

"Chako. Nyimbo zako zote zimo ndani."

"Ndani mimi sijui kusoma, mwanangu. Mimi ningesoma hapa nje." Akamrudishia.

Lo, njia nzima Bernadeta alijitukana! Mzee hajui hata a, na yeye amempokonya ukurasa pekee aliouweza. Alitaka kubandua jalada aanze upya, lakini habari zikaja kwamba mzee anakataa hata uji. Akashika brashi, akachora chatu juu ya ziwa lile lile.

Na rangi ya maji haina siri. Kila alipozidisha kahawia, buluu ilichomoza. Mitumbwi ikaonekana tumboni mwa chatu kana kwamba kaimeza. Aliyefanya kazi ya chapa miaka yote ile alilijua hilo vizuri, ila mwenye kuchelewa hana cha kuchagua.

Alimkuta baba yake amelala chali. Akamshikia kitabu mbele ya macho. Mzee alitazama muda mrefu, mdomo ukacheza kidogo.

"Ndiye," alisema.

Bernadeta akashusha pumzi.

"Mbona umemzamisha?"

Akageukia ukutani. Walimzika Jumamosi, mikono mitupu, na kitabu kikiwa kwenye mkoba wa Bernadeta.