Sababu ya Kumkataa Mpangaji

Mimi ni dalali wa nyumba, na watu wananiita Mama Funguo. Ukitafuta chumba katika mji huu utapita kwangu, utake usitake. Ofisi yangu imebanwa kati ya fundi viatu na duka la fotokopi, na ndani mna meza, benchi, ubao wa funguo na daftari la kaunta. Kila anayetafuta nyumba nampa ukurasa wake. Naandika kazi yake, ana watoto wangapi, anataka vyumba vingapi. Na kama ni mtu wa ng'ambo, nakunja pembe ya ukurasa.

Tuelewane hapa. Watu wa ng'ambo ni wale ambao babu zao walivuka mto wakaja upande huu. Mto wenyewe ulikauka hata mama yangu hajaolewa. Wana namna yao ya kusali, wana lafudhi yao kidogo, wanazaliwa hapa na kuzikwa hapa, lakini ni watu wa ng'ambo. Wenye nyumba wengi hawawataki. Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba simtaki. Nilikuwa nakunja karatasi tu, nisimpotezee mtu muda wake. Niliona ni adabu.

Basi ikaja sheria ya kuzuia ubaguzi wa kabila na dini. Mwenye nyumba akimkataa mpangaji lazima ajaze Fomu Namba Saba, nakala tatu, na aandike sababu. Nakala moja ya aliyekataliwa, moja ya dalali, moja ya Afisa wa Kuzuia Ubaguzi, ghorofa ya pili, jengo la serikali. Watu hawana muda wa maneno marefu, wakaiita Ofisi ya Ubaguzi. Ukifika mlangoni mlinzi anakuuliza, "Unakwenda kwenye ubaguzi au kwenye vibali vya ujenzi?"

Walioitunga sheria walidhani italeta ukweli. Ilileta watunzi. Mstaafu mmoja wa posta, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiandika hata salamu, aliandika: "Mwombaji ana nyayo nzito, ngazi zangu ni za mbao." Ngazi zake ni za saruji, nimezipanda mwenyewe. Mwenye duka la mbao akaandika: "Chumba kina popo." Mjane wa pale kona: "Nimeota vibaya." Fundi bomba naye miezi miwili mfululizo alijaza: "Chumba kimeshapata mtu," na kibao cha CHUMBA KIPO kinaning'inia dirishani, tena amekipaka rangi upya. Nikazipokea zote, nikazigonga muhuri. Ningefanyaje? Ndoto ya mtu huwezi kuipeleka mahakamani.

Afisa mwenyewe alikuja Jumatatu ya kwanza. Mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mama. Nina shughuli mbili. Ya kwanza ni ya ofisi, kukusanya fomu. Ya pili ni yangu binafsi."

Akakusanya fomu, akahesabu, akasaini. Kisha akatoka nje, akafunga mlango, akabisha hodi, akaingia tena.

"Shikamoo, mama. Natafuta nyumba."

"Marahaba, mwanangu. Si tumeshasalimiana?"

"Yule alikuwa Afisa," akasema, na hakucheka.

Nikafungua ukurasa. Mke wake alikuwa kwao, kwa mama yake, safari ya siku nzima, na mimba ya miezi sita. Alitaka wawe pamoja kabla hajajifungua. Nikamwambia wanawake wengi wanajifungulia kwa mama zao, kuna ubaya gani? Akanijibu kwamba yeye alizaliwa baba yake yuko kazini mbali, na siku walipoonana alikuwa na miaka minne, akamwita mjomba. Baba yake alilia. "Sitaki mwanangu aniite mjomba," akasema. Nikaandika vyumba viwili, mtoto mmoja njiani. Kisha akataja jina la ukoo wake, na kidole changu kikaenda chenyewe kwenye pembe ya ukurasa.

Alikitazama kile kidole. Akashukuru, akaaga.

Nikamtembeza, msiseme sikumtembeza. Alikataliwa nyumba tisa. Na kwa kuwa nakala moja ni ya aliyekataliwa na nyingine ni ya Afisa, zote mbili alikuwa anazichukua yeye. Moja anaiweka mfuko wa kushoto, nyingine kwenye faili. Zile za faili anazisaini kwamba zimepokelewa. Wenyewe wanasema ukistaajabu ya leo, ngoja ya kesho. Mimi niliyaona yote Jumatatu moja.

"Kwa nini usiwashtaki?" nikamuuliza siku moja. "Sheria si unayo wewe?"

"Nilijaribu. Nikapeleka malalamiko ofisini kwangu. Nikayapokea. Nikajijibu kwa barua kwamba siwezi kuyashughulikia kwa sababu mlalamikaji ananihusu."

"Sasa?"

"Nimekata rufaa," akasema. "Lakini kifungu kinataka sababu ya kibaguzi iwe imeandikwa na mkataaji mwenyewe. Hapo faili linakwenda moja kwa moja kwa hakimu, halipiti kwangu. Popo, mama, si kabila."

Afisa alikuwa ameshakwenda kuwahakiki hao popo kwa tochi. Hawakuwapo. Mwenye duka la mbao alimwambia wamesafiri.

Mlinzi ndiye aliyeniambia kwamba Afisa analala ofisini, katikati ya makabati mawili, na godoro analikunja kabla wafagiaji hawajafika. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Niliposikia roho iliniuma, sitasema uongo. Iliuma, nikainywea chai, ikatulia.

Iliniuma kwa sababu nyumba nilikuwa nayo. Nyuma ya nyumba tunayokaa mimi na dada yangu kuna kijumba cha vyumba viwili, bafu lake, kibaraza chake. Mama alituachia, hati ina majina mawili. Kilikuwa kitupu tangu mwaka jana. Mganga hajigangi: dalali wa mji mzima, na nyumba yangu inaliwa na mchwa. Sikuitaja kwa Afisa. Fundi viatu akaitaja. Ulimi wa yule mtu ungekuwa sindano angekuwa tajiri.

"Mama," Afisa akasema Jumatatu iliyofuata, baada ya kutoka na kuingia, "nimesikia unayo nyumba."

Kisha nikavuta Fomu Namba Saba, na kwenye sababu nikaandika: "Dada yangu mkubwa hawezi kuvumilia kelele za mtoto mchanga." Nikaisoma, nikajiona hodari. Mgonjwa, mzee, mtoto, nani atabisha? Yeye akaikunja taratibu.

"Nitakuja kuhakiki Alhamisi," akasema. "Saa nne asubuhi."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Dada yangu ni kiziwi.

Si kiziwi kabisa. Ukimkaribia na kumpigia kelele anasikia, na midomo anaisoma kama gazeti. Lakini redio yake anaifungua mpaka mwisho, na majirani walishaacha kulalamika. Wengine hawanunui redio, wanatumia yake. Alhamisi nilijaribu kuificha. Akaidai. Nikasema betri zimeisha. Akatoa nyingine chini ya mto.

Afisa alifika saa nne kamili. Dada alikuwa uani kwenye kiti, anachambua maharage, redio mapajani inatangaza bei za mbolea. Afisa akaenda mbele yake, akainama.

"SHIKAMOO, MAMA!"

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kuona nyumba? Mbona hukuja na mkeo?"

"YUKO KWAO! NI MJAMZITO!"

"Mlete! Namwambia huyu mdogo wangu kila siku, lete watu, nyumba bila watu inakufa. Ananiambia hapati mtu. Dalali mzima!"

Nikatazama juu kama mtu anayekagua paa. Afisa akafungua faili lake.

"MAMA, KELELE ZA MTOTO ZITAKUSUMBUA?"

"Kelele za nini?" dada akauliza.

Afisa akaandika chini ya neno uhakiki: "Sababu haikuthibitika." Kisha akatoa fomu nyingine, safi, akaiweka kwenye meza ya uani pamoja na kalamu. Hakunikaripia. Angenikaripia ningejua la kufanya, maana kwa matusi mimi sishindwi.

"Kifungu cha kumi na mbili," akasema. "Mkataaji anaruhusiwa kurekebisha sababu mara moja."

Nikaishika kalamu. Nilitafuta popo, nilitafuta ndoto, nilitafuta ngazi. Nilikuwa na hasira naye, na shati lake na vifungo vyake. Halafu nikamwona yule mtoto wa miaka minne anamwita baba yake mjomba, na mwanamume mzima analia, na nikaona haya. Niseme tu hivyo, niliona haya. Nikaandika: "Ni mtu wa ng'ambo." Nikasaini nakala zote tatu.

Akaisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Mama, hii ni ya kweli."

"Ndiyo."

"Nimepokea fomu sitini na moja. Hii ni ya kwanza ya kweli." Akafuta pua. "Niliijua tangu ulipokunja ule ukurasa. Lakini kukunja hakuna kwenye sheria."

"Usinililie hapa."

"Unajua kwamba hii sasa ni kesi?"

"Najua, mimi si mtoto mdogo." Nikachomoa ufunguo wa kile kijumba kwenye shada langu, nikauweka mbele yake. "Na nyumba chukua. Mlete mkeo."

Akaurudisha upande wangu kwa ncha ya kalamu.

"Siwezi kupokea kitu kutoka kwa mshtakiwa. Ni rushwa."

"Ala! Sheria gani hii? Nikikunyima kosa, nikikupa kosa?"

"Kwa utaratibu huo, ndiyo."

Nikamjia juu. Nikamwambia mkewe atazalia njiani kwa ajili ya kifungu, nikamwambia na mengine ambayo hayana fomu. Yeye alisimama tu, amelishika lile faili kifuani, na nikaona kwamba nyumba anaitaka mpaka inamuuma, na hataichukua. Hapo dada akazima redio. Mtaa mzima ukanyamaza. Fundi viatu, aliyekuwa anapita, na alikuwa hana kazi yoyote upande ule, akasimama.

"Mnagombania nini?" dada akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema kwa midomo.

"Nasema mnagombania nini?"

Kuandika ni rahisi, karatasi haikutazami. Nikavuta pumzi.

"NILIMNYIMA NYUMBA!"

"Kwa sababu gani?"

Madirisha mawili yakafunguka.

"NI MTU WA NG'AMBO!"

Dada akanitazama. Akaweka sinia la maharage chini.

"Kwa sababu gani?"

Nikamsogelea sikioni, nikapiga ukelele mpaka koo likawasha. "KWA SABABU NI MTU WA NG'AMBO!"

"Mbona unanipasua sikio?" akasema dada. "Hilo nimelisikia tangu mara ya kwanza. Nakuuliza, kwa sababu gani?"

Afisa alikuwa bado ameshika kalamu, na nadhani kwa mazoea tu alikuwa anasubiri nijibu ili aandike.

Dada alinyanyuka, akauchukua ufunguo mezani, akamtia mkononi.

"Mimi nina kesi?"

"HAPANA, MAMA."

"Jina langu limo kwenye hati?"

"LIMO," nikamjibu mimi.

"Basi hamia Jumamosi. Na kibaraza kifagie, kuna vumbi."

Alihamia Jumamosi na mabegi mawili, godoro na birika la ofisini, ambalo alilirudisha Jumatatu. Mkewe alifika wiki iliyofuata, na mtoto wa kike alizaliwa siku kumi baadaye. Baba yake alikuwa pale pale uani, anatembea huku na huku, vifungo viwili vya shati vimefunguka. Mtoto ana sauti. Mchana analia mpaka nashindwa kufanya hesabu, na dada anambeba na redio inaimba, wote wawili wameridhika.

Kesi yangu ni tarehe kumi na nne. Afisa ameniletea wito mwenyewe. Alitoka kwake, akazunguka njia kuu, akabisha hodi mlango wa mbele. Nimemuuliza hakimu atataka kujua nini. Ameniambia hakimu ana swali moja tu, lile lile la dada. Nimeshika kalamu tangu asubuhi.