Bango la Shemeji

"Herufi ziwe kubwa, Mama Fundi. Kubwa! Mtu aliyekaa kule juu kabisa, na miwani ameisahau nyumbani, azisome bila kukunja uso."

Mwenyekiti wa mashabiki alitanua mikono kuonyesha ukubwa anaoutaka, na kwa kuwa kibanda cha ushonaji hakikujengwa kwa ajili ya watu wa kutanua mikono, akaliangusha kopo la vifungo. Vifungo vikatawanyika mpaka chini ya cherehani. Akapiga magoti kuviokota, na huko huko chini akaendelea kutoa maagizo.

"Kitambaa cheupe, herufi nyekundu. Andika hivi: SHEMEJI, KARIBU KITI."

Mama Fundi alishika futi iliyoning'inia shingoni kwa mikono miwili. Shemeji! Moyo ulimruka. Huyo Shemeji si mwingine, ni mwanawe wa pekee, aliyemzaa akamlea, akamshushia pindo za suruali mwaka hadi mwaka mpaka pindo zikaisha. Leo ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, mtu wa kuinama kwenye kila mlango, anaishi na wenzake upande wa pili wa mji. Na watu wazima wenye akili zao wanakuja kumshonea bango!

Angeweza kusema pale pale, "Huyo ni wangu." Lakini utamu aliutaka uwanjani.

Hakuwahi kufika huko. Kila akitaka kwenda, kijana alikuwa na sababu: viti vya kule vitakuumiza mgongo, mama, kuna baridi, mama, kelele zile si za mtu mzima. Basi alikuwa anafuatia redioni huku akishona, na kila mpira ukimfikia mwanawe, alisikia uwanja mzima ukinguruma: "Shemeji! Shemeji!" Halafu unafuata mvumo mrefu, "Uuuuu!"

"Mbona wanakuita Shemeji?" alimuuliza siku moja.

"Wananipenda, mama. Wananiona kama ndugu."

"Na ile uuuu?"

Kijana alikohoa. "Kwenye kikapu ndivyo watu wanavyoshangilia, mama. Si kama kandanda."

Mama akaamini. Kwa nini asiamini? Akamweleza muuza nyama, akamweleza jirani wa kushoto na wa kulia, na kwa siri alikuwa anajiuliza ni dada wa nani hasa huyo ambaye mji mzima unamwozesha mwanawe.

Kwa hiyo bango lile alilishona kama anashona nguo ya harusi. Kila herufi aliibana kwa mishono miwili, isije ikabanduka. Na alipofika kwenye neno KITI, aliona halitoshi. Kiti cha kumkaribishia mtu hakiwezi kuwa kitupu! Akalizungushia marinda, marinda ya haki, yenye kukunjwa moja moja na kupigwa pasi.

Mwenyekiti alipokuja kulichukua alilikunjua, akatazama, akaegemea ukuta. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Marinda! Mama Fundi, umenimaliza! Umenimaliza kabisa!"

"Nimefanya kwa moyo," alisema mama, na yeye machozi yakamlengalenga. Akakataa kulipwa. Mwenyekiti akamwangalia asimwelewe, akatoa tiketi mfukoni akamwachia mezani.

*

Jumamosi alasiri Mama Fundi aliketi uwanjani na gauni lake jipya. Kwenye ukosi alikuwa amechomeka sindano yenye uzi, kama siku zote. Mtu mwingine hatoki bila saa, yeye hatoki bila sindano. Jirani yake wa kiti alikuwa muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare yake.

Timu zikaingia. Mama akamwona mwanawe, mrefu kuliko wote, na bango likapanda ng'ambo ya pili, jeupe, refu, marinda yakipepea. Uwanja ukanguruma, "Shemeji! Shemeji! Uuuuu!"

Mama Fundi hakuweza kuvumilia. Alisimama juu ya kiti akapunga mikono yote miwili. "Asanteni! Asanteni sana, wakwe zangu! Mungu awazidishie!"

Muuguzi akamvuta gauni. "Mama, shuka utaanguka. Unamshukuru nani?"

"Hawa wote. Huoni wanavyompenda Shemeji?"

"Wanampenda?" Muuguzi alimtazama kama mgonjwa aliyeamka akauliza yuko wapi. "Mama, umewahi kuona shemeji akija kutembea? Anakaa. Anawekewa mto. Anasubiri kuletewa. Ukimwona amenyanyuka, ujue anaaga. Basi ndiye huyo. Tangu msimu uanze hajakimbia. Ndiyo maana tunamkaribisha kiti."

"Na ile uuuu?"

"Tunamzomea, mama. Kwani kwenu mnazomeaje?"

Mama Fundi akashuka. Akakaa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, akatamani sakafu ifunguke immeze na gauni lake. Ng'ambo, marinda yalikuwa bado yanapepea.

"Labda anaumwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Anaumwa uvivu. Waone wale wazee wa suti mstari wa mbele. Viongozi wa klabu hao. Mkataba wake unaisha, na leo wamekuja kuamua. Akilala na leo, anafungasha virago."

Mama akakaza macho uwanjani, akiomba muuguzi awe muongo. Hakuwa muongo. Mpira ulipita karibu na goti la kijana, naye akausindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Wenzake wakakimbia kurudi kulinda. Yeye akarudi kwa hatua za mtu anayetembea baada ya chakula. Kisha akasimama, mikono kiunoni, ameegemea mguu mmoja.

Mama aliujua mkao ule. Lo, aliujua sana! Ndio mkao wa ndoo ya maji, ndio mkao wa kuanua nguo mvua ikinyesha. Ukimwita, hapo hapo aliposimama, anajibu kwa sauti tamu kabisa, "Nakuja, mama." Na haji. Nguo ngapi ziliroa kwa ile "nakuja"?

Hasira zikamshika. Aliwakasirikia mashabiki, alimkasirikia yule muongo wake, lakini zaidi ya yote aliyakasirikia marinda. Siku nzima alikunja yale marinda!

Mwamuzi akapuliza filimbi, uwanja ukatulia kidogo kungoja uamuzi. Na katika utulivu ule mama mmoja akasimama tena juu ya kiti, mwenye koo lililozoea kupigana na kelele za cherehani tangu ujana wake.

"WEWE KIFUNGO!"

Vichwa vikageuka.

"Kifungo, nakwambia wewe! Ukiniambia 'nakuja' leo, nakuja mimi!"

Muuguzi akapiga makofi. "Umesema kweli, mama! Kifungo kinamfaa. Miaka miwili na kazi ngumu!"

"Kifungo ni jina lake la nyumbani," alisema Mama Fundi bila kumtazama. "Alimeza kifungo alipokuwa mdogo. Nimemzaa mimi."

Makofi ya muuguzi yakaishia hewani.

Kule chini mikono ilikuwa imeshatoka kiunoni, haraka, kama ya mtu aliyekutwa anadokoa mboga jikoni. Mchezo ulipoanza tena, Shemeji alikimbia. Watu hawakuelewa, wengine walidhani amechomwa na nyuki. Mpira ukaponyoka ukielekea nje, akauruka mzima mzima, akaurudisha ndani, na yeye mwenyewe akaendelea na safari mpaka kwenye benchi la wapinzani, akawaangukia watatu. Aliposimama, bukta ilikuwa imechanika nyuma kuanzia kiunoni kwenda chini.

Kilichofuata si kicheko, ni ghasia. Mtunza vifaa alipekua begi zima. Bukta ya akiba ya urefu ule haikuwemo. Akaja na pini.

"Pini!" alisema Mama Fundi kule juu. "Mwanangu achomwe na pini mbele za watu?" Na akaanza kushuka ngazi, akichomoa sindano kwenye ukosi.

Mwamuzi aliona kumzuia ni shida kubwa kuliko kumruhusu, akasimamisha mchezo. Wachezaji wawili wakashika taulo kuwa pazia. Mama akapiga magoti akaanza kushona.

"Simama wima."

"Mama, umefikaje?"

"Kwa tiketi. Wima, nimesema."

Sindano ikaenda, ikarudi.

"Mama, nilitaka kukwambia ukweli..."

"Kwamba kwenye kikapu watu wanashangilia kwa kuzomea?"

Kijana akasema polepole, "Wakinizomea, miguu inakuwa mizito."

"Na kabla hawajaanza kuzomea?"

Hapo alifikiri kidogo. Wale wa taulo nao walitega masikio.

"Kabla ya hapo, mama, nilikuwa mvivu tu."

"Haya. Sasa tunaongea." Mama akavuta uzi. "Na mimi nina langu. Lile bango nimelishona mimi."

Kijana aligeuka ghafla, sindano ikamchoma. "Wewe, mama?"

"Mimi. Nilidhani wanakupenda. Na marinda hakuniagiza mtu, nimeweka mwenyewe."

Kijana alilitazama bango, akatazama utosi wa mama yake uliokuwa karibu na nyonga yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama alidhani analia, moyo ukamuuma. Alipoinua uso akakuta anacheka, ila machozi nayo yalikuwepo.

"Yamekaa vizuri, mama. Hayo marinda."

"Najua yamekaa vizuri." Akakata uzi kwa meno. "Nenda."

Akaenda. Siwezi kudanganya kwamba alicheza vizuri; mtu aliyekaa msimu mzima hawi mashine kwa sababu ya mama. Alikosa kikapu, akakosa tena, akahema kama treni. Lakini alikimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia. Ile uuuu ilianza mara moja ikafia njiani. Ng'ambo, bango likateremka taratibu, likakunjwa. Timu ikafungwa kwa kikapu kimoja, na wazee wa suti wakatoka wamekunja midomo. Baadaye wakasema wataamua baada ya mechi ya Jumamosi inayofuata.

*

Jumatatu mwenyekiti alifika kibandani na bango kwapani. Safari hii mikono aliibana ubavuni.

"Mama Fundi, ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia."

Wote wawili wakatazama cherehani.

"Tumekaa tukaongea," alisema mwenyekiti. "Tufumue hayo ya kiti. Shemeji libaki, watu wamelizoea. Sasa hapo mbele yake tuandike nini?"

Mama alifikiri. Kinywani alikuwa na maneno mengi ya mzazi.

"Pabaki wazi," alisema. "Mpaka Jumamosi."

Jioni ile kijana alikuja mwenyewe, akainama mlangoni, akapewa ncha ya kitambaa aishike ikaze. Miguu ilimuuma; alisimama kama mtu aliyeazima miguu ya jirani. Kando yake kulikuwa na kigoda. Alikitazama. Akamtazama mama. Akatazama tena kitambaa.

Kazi haikuwa nyepesi, maana mishono miwili haifumuki kwa kubembelezwa. Herufi zilitoka moja moja. Mwisho yakatoka marinda, yakaanguka sakafuni. Upande ule ukabaki mweupe, na vitundu vya sindano tu.

Uzi mmoja uligoma.

"Nipe ule mkasi mdogo," mama alisema. Ulikuwa juu ya rafu, nyuma ya kijana.

Hakuinua kichwa. Alishikilia uzi kwa kucha, akangoja lile neno alilolijua, kwa ile sauti tamu.

Neno halikuja. Ulikuja mkasi.