Wageni wa Tuta la Kabichi

Jumamosi saa nne asubuhi, nesi mstaafu alikuwa akisugua sufuria yenye ukoko aliposikia hodi ya sauti nyingi nyembamba. Aliyekuwa karibu na mlango ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kwa siku mbili kufuatilia cheti cha kuzaliwa na sasa alikuwa na mwaka wa nne kwenye kochi. Shemeji hakuinuka. Nesi alikuwa na povu hadi viwikoni, akaitikia bila kugeuka, kama alivyozoea maisha yake yote: "Karibuni, karibuni! Jisikieni mko nyumbani." Hakuingia mtu. Akaendelea kusugua.

Kufikia jioni kabichi tano za bustanini kwake zilikuwa zimelala. Alivuta moja ikaja bila ubishi, haina mzizi hata wa dawa. Chini yake walikuwepo mabuu wa dundu, weupe, wanene, vichwa vya kahawia, wamejikunja kama alama ya koma.

"Shikamoo, mama," wakasema. "Asante kwa kutukaribisha."

"Marahaba," nesi akajibu, maana salamu haina kosa.

Lakini roho ilimuuma. Kabichi zile alikuwa ameziahidi jiko la hospitali alikofanya kazi miaka thelathini na moja, na mkuu wa jiko alishasema waziwazi kwamba safari hii zikikosekana, atachukua za mkulima mkubwa anayepiga dawa. Tangu astaafu, bustani hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Bila hiyo angebaki kupakua chakula na kuosha vyombo, na hilo alilijua vizuri. Kumwaga sumu hakutaka, kwa sababu walaji ni wagonjwa.

Jumapili akaazima kuku wa jirani, ambao kwa kawaida hawamwachi buu apumue. Kuku wakafika tutani, wakainamisha vichwa, wakatazama, wakarudi kwao kwa mstari mmoja.

"Umewakaribisha kwa mdomo wako mwenyewe," jirani akamwambia. "Kuku wangu wana adabu, shoga. Hawali mgeni wa mtu."

"Sasa ndiyo wanimalizie kabichi?"

"Wamefika jana, leo siku ya pili. Kesho je? Mgeni siku mbili. La siku ya tatu nikufundishe mimi?"

Jumatatu asubuhi nesi akalaza jembe juu ya tuta, taratibu, bila maneno makali. Mabuu wakatazamana. Yule mnene kuliko wote akasema, "Ni haki yako, mama." Jembe lilikuwa zito, wakalishika mia moja na arobaini. Kufikia adhuhuri udongo ulikuwa laini kama unga, na kwa chakula chao wakahamia kwenye mizizi ya ndago, gugu ambalo nesi alikuwa akiling'oa miaka saba nalo likimcheka. Kabichi zilizobaki zikasimama. Zile tano akazihesabu kuwa takrima.

Wakifanya kazi walikuwa wakiona hadi sebuleni kupitia dirishani. Siku moja yule mnene akauliza kwa upole, "Mama, yule wa kwenye kochi, siku yake ya tatu ni lini?"

Swali lilikuwa la maana, nesi akalipeleka kwa mumewe, fundi saa, aliyekuwa mezani na kioo chake jichoni. Fundi akakohoa.

"Yule si mgeni. Ni ndugu."

"Na wale wanaolima?"

"Wale ni wageni."

Shemeji akaongeza kwamba mgongo wake nao hauko sawa. Hata hivyo alisogea dirishani mara moja kwa wiki, akapaza sauti, "Kazeni buti, vijana!" Mabuu walimwamkia kila mara.

Kabichi zilipokomaa, kila moja ilijaza mikono miwili. Mkuu wa jiko akazigonga kwa vidole, akatafuta kasoro, akaikosa, akaagiza na za msimu ujao. Nesi alirudi nyumbani akiimba njia nzima. Kuimba hakujui, lakini nani angemkataza?

Wiki chache baadaye mabuu wakawa madundu kamili, weusi wa kung'aa. Hawakuondoka kimyakimya. Walipanda kwenye kizingiti cha dirisha mmoja mmoja kuaga, na nesi akatoa machozi, akawaambia wakipita tena wasipite tu. Wakapaa juu ya bati la jirani, na kuku wakainua vichwa kuwasindikiza kwa macho.

Shemeji aliwapungia mkono akiwa pale pale kwenye kochi.

"Wageni wa maana wale, shemeji," akasema. "Wamejua siku ya kuondoka."

Akainua miguu kidogo ili nesi apitishe ufagio.