Mto Kapingazi Waingia Kijijini

Homugadi wawili, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, walileta meza, wakaipangusa vumbi kwa mkono wa koti, wakaweka kiti kimoja cha Bwana DO, afisa Mzungu wa wilaya, upande wa kivuli. Wanawake waliketi juani na majembe yao, kwani baraza likiisha walitakiwa kurudi kuchimba handaki lililozunguka kijiji. Lilikuwa pana, na chini yake vilikitwa vijiti vya kuchongwa ncha. Serikali ya kikoloni ilisema ni kwa usalama wao. Nyumba zao za zamani kule Manyatta zilikuwa zimechomwa ili wahamie hapa, na waume wao wengi walikuwa msituni na wapiganaji au kizuizini.

Ciakuthii alisimama wa kwanza. Mgongoni alimbeba mjukuu wake Wanjira, ambaye nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu na miguu imevimba kwa njaa.

"Bwana, kina mama wa kanisa huko Ulaya wametuchangia maziwa ya unga," alisema. "Tuliyaona yakishushwa kwenye lori. Sasa yamefungiwa katika kambi ya homugadi, na watoto wanatuishia."

Ireri, karani mkalimani, alimfasiria Bwana DO. Jibu lilipokuja alilisema akiitazama meza.

"Bwana anasema wahisani wameagiza maziwa yakorogwe kwa maji safi, humu kijijini, mbele ya afisa. Na humu hakuna maji."

"Maji yako mtoni. Tufunguliwe lango asubuhi tuyateke. Jioni mkitufungulia tunakimbilia chakula, na firimbi ya kurudi ndani inapigwa hata mtu hajachuma mboga."

"Bwana anasema ombi lako atalifikisha mbele."

"Mbele wapi?"

Ireri hakulifasiri hilo.

Alfajiri iliyofuata mto Kapingazi ulitoka bondeni ukapanda mlima. Ulikuja taratibu, kwa sababu ya mwinuko, ukivuta mawe yake na matete machache. Homugadi wa langoni akauuliza pasi. Haukuwa nayo. Alifikiri kidogo, akaupisha, kwa kuwa amri ilikataza watu kutoka na haikusema lolote kuhusu kuingia. Mto ukapita katikati ya safu za nyumba, ukafika kwa Ciakuthii, ukalala mlangoni pake.

Ciakuthii alipofungua mlango alikunja nguo, akauvuka, akarudi na sufuria.

"Umechelewa," aliuambia. "Lakini karibu."

Hedimani Njue, msimamizi wa kijiji, alifika akilalamika kwamba mto umemkanyagia maharagwe. Alipomaliza kulalamika alinawa uso. Wanawake walijaza pipa kubwa uwanjani, wakakoka moto, wakapanga vikombe vya watoto juu ya ubao. Kisha wakaketi kumngoja afisa. Maji yalichemka, yakapoa, wakayachemsha tena. Wanjira alilala na kuamka, akauliza kama maziwa ni matamu.

"Ni matamu," alisema Ciakuthii, ambaye hakuwahi kuyaonja.

Bwana DO alikuja alasiri na lori tupu. Alitembea ukingoni mwa mto hadi mlangoni kwa Ciakuthii, akachovya kidole, akamwambia Ireri maneno marefu. Wanawake walisimama na vikombe vyao.

"Bwana anafurahi kwamba mmepata maji," alisema Ireri. "Lakini msaada ule ni wa vijiji vyenye dhiki. Kijiji chenye mto wake hakiwezi kuhesabiwa miongoni mwao."

Homugadi wakaanza kupakia magunia. Ciakuthii alisimama mbele ya lori.

"Ireri, wewe ni mtoto wa kwetu. Mwambie hatukuomba mto. Tuliomba lango."

Ireri alimwambia, safari hii neno kwa neno. DO aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za hali ya hewa. Homugadi mmoja akamshika Ciakuthii mkono, akamsogeza kando, si kwa nguvu sana. Lori likauvuka mto polepole na kwenda zake.

Jumatatu Njue alipita akiita watu kazini, akauita na mto. Hakuna mkazi aliyesamehewa kazi ya serikali, alisema, na aliyelala kijijini zaidi ya siku tatu ni mkazi. Mto ukaamka mlangoni kwa Ciakuthii, ukateremka hadi kwenye handaki, ukajipanga humo kuzunguka kijiji kizima juu ya vile vijiti. Wanawake waliendelea kuchimba mbele yake, na kila walipochimba uliwafuata.

Katika baraza lililofuata DO alilisifu handaki. Sasa hata panya hawezi kulivuka, alisema kupitia kwa Ireri, na vijiji vingine viige mfano. Akauliza kama kuna mwenye shida.

Ciakuthii alisimama. Mgongoni Wanjira alikuwa mwepesi kuliko shuka aliyofungiwa.

"Maziwa, bwana," alisema.

DO alikuwa anakunja miwani. Ireri alifunga daftari bila kumfasiria. Kule handakini mto ulinyamaza kabisa, maji yakasimama ili yasikie, na homugadi wakaanza kuondoa meza.